Mngurumo Kwenye Kaseti ya Baba

Niliuza redio yangu ndogo ya betri ili kuongezea pesa za kununua redio kubwa ya umeme, na nikajuta siku ile ile. Miaka hiyo maduka ya Mwanza yalifurika vitu kutoka nje, na mimi, mwalimu wa Butimba, sikutaka kupitwa. Spika mbili zilinifika kiunoni. Lakini tangu nilipochomeka plagi ukutani, zilitoa mngurumo mzito usiokatika.

Kwa muziki ningevumilia. Ila nilikuwa na kaseti moja niliyomrekodi baba nyumbani Magu, kwa ile redio niliyoiuza, wiki mbili kabla hajafariki. Mwishoni mwa upande wa pili alisema jambo akiwa mbali na kinasa sauti, nami sikukumbuka alisema nini. Kila nikifika hapo mngurumo ulimfunika. Niliamini ni wosia ulionihusu mimi. Nikakosa raha kabisa.

Fundi mmoja mjini alinionea huruma. "Mwalimu, umeme wetu huu mchafu. Weka stebilaiza ya kutuliza umeme, halafu badilisha waya za spika, nunua nene."

Nikanunua. Nikalala sakafuni kugeuza plagi, nikatenga waya za spika na za umeme, nikazima friji, nikazima hadi taa. Mngurumo ulipungua kidogo, au nilijidanganya. Nikimwuliza mke wangu, jibu lake lilikuwa moja: "Sauti ni ile ile tu." Nikamkasirikia, eti hana masikio. Kumbe mwenye masikio alikuwa yeye.

Jumamosi moja alichoka kuniona nikitambaa. Akaenda kwa jirani kuazima redio ya betri. Betri zilikuwa zimekwisha nguvu, akazianika juani juu ya bati, kama alivyozoea baba. Mimi nilizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Saa kumi jioni akazipachika, akaweka kaseti, akabonyeza.

Hakukuwa na mngurumo. Kulikuwa na mbuzi wa Magu, mama akitwanga, baba akieleza habari za mpunga. Kisha kimya, na mkwaruzo wa waya ya kinasa sauti. Ni mimi huyo, naisogeza. Halafu sauti ya baba ikatoka upande wa mlangoni:

"Mwanangu, ziache hizo waya. Njoo ukae hapa, tuongee."

Na mimi nasikika wazi, karibu kabisa: "Subiri kidogo, baba, kuna kelele."

Mke wangu akanitazama. Nilikuwa nimesimama, bisibisi mkononi. Niliumia, sitaficha. Nikavuta kigoda, nikakaa. Kaseti iliendelea kuzunguka dakika kadhaa, na humo hakuna aliyesema tena.