Siku Roselida Aliponisugua Tumbo

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba, kwetu karibu na Malava, tulikuwa wanne jikoni siku ile: Kukhu, yaani bibi yangu, mama, jirani yetu Roselida, na mimi niliyelala mkekani, tumbo gumu kama ngoma.

Juzi muuguzi alimpapasa binti yangu tumbo akasema, "Amevimbiwa tu." Alimaanisha amekula kupita kiasi. Kwetu neno hilo lilikuwa na mtu ndani yake. Kukhu alitueleza lilikotoka: mwenye jicho baya akikutazama unapokula, chakula hukataa kushuka, kinavimba palepale. Dawa ni yeye mwenyewe aje akusugue. Na akija, amekubali kwamba ni yeye.

Mchana ule tulikula kuku, na Roselida alipita kuomba makaa. "Mnakula vizuri nyinyi!" alisema akicheka. Jioni nilipoanza kulia, kicheko hicho kilitosha.

"Mwite," Kukhu alimwambia mama.

"Roselida hana ubaya na mtu."

"Jicho lake linaingianga tumboni. Mwite, ama unataka kuzika?"

Roselida alikuja mbio, mikono bado ina unga. Alimtazama Kukhu, akaelewa ameitiwa nini. Angeweza kugeuka arudi kwake. Alipiga magoti, akajipaka mafuta viganjani, akanisugua taratibu kama mtoto wake.

Kisha akaniinamia sikioni. "Ulikula mapera mangapi?"

Ndiye aliyenikuta asubuhi juu ya mpera wa Kukhu, tuliokatazwa kuugusa, akanishusha na kunikung'uta vumbi. Nilimwonyesha vidole vyote kumi.

"Nyamaza basi, usichapwe."

"Unamwambia nini?" Kukhu aliuliza.

"Namwambia atapona, mama."

Nikanyamaza. Alfajiri nilitapika mapera mabichi nyuma ya nyumba, nikayafukia kwa mguu. Kukhu aliponiona nikicheza akasema, "Si mmeona?" Hata hapo ningeweza kusema.

Watu huniambia nilikuwa mtoto tu. Lakini binti yangu ana miaka saba sasa, na akivunja kikombe huja kuniambia, midomo ikimtetemeka. Kumbe inawezekana. Roselida alinikinga na fimbo ya siku moja, mimi nikamwachia jina la mwenye jicho baya.

Tangu hapo, kwenye kila matanga, alipewa sahani yake nyuma ya jiko, akala peke yake akitazama ukuta.