Jibu la Swali la Kumi na Tano

Mashine ya fotokopi iliyo barazani kwangu si yangu. Nasema mapema, maana kila anayepita siku hizi anauliza, "Bu Tinah, umeacha kupangisha vyumba, sasa unatoa nakala?" Sitoi nakala. Mimi ni mwenye nyumba ya wanafunzi, vyumba tisa, mabinti watupu, na asubuhi nauza pecel, wali na mboga za mchuzi wa karanga. Mashine ni ya Mbak Kus; mbak kwetu ni dada, kama bu alivyo mama na pak alivyo bwana. Iko kwangu kwa sababu chuo kikuu kilimfukuza pale lango la nyuma, kikamwandikia barua yenye mhuri kwamba amechafua heshima ya elimu. Heshima ya elimu! Nikiikumbuka barua ile damu inanichemka, basi nivumilieni.

Jina lake kamili ni Kusniyah. Shule aliachia darasa la tisa. Nilimjua akiwa na miaka kumi na saba, tulipokuwa kwenye ghala la tumbaku kusini ya Jember, wanawake kumi na watatu kwenye meza moja ndefu, tukichambua majani kwa rangi. Mimi nilikuwa mtu mzima, nimeshaolewa. Yeye alikuwa mwepesi wa mikono na mwepesi wa mdomo, hakuna aliyesalimika na utani wake. Kisha msimu mmoja mdomo ule ukafungwa, akaacha kazi kabla majani hayajaisha. Tulipokutana tena mjini, miaka imepita, alikuwa na mashine mkweche kibandani, lango la nyuma la chuo. Ya ghalani hatukuyagusa. Tulizungumza magoti, bei ya karatasi, na mume wake aliyekwenda Kalimantan kutafuta kazi akapata mke.

Kwenye kibao chake aliandika: nakala, kuchapa, kujalidi tasnifu. Kazi nyingine haikuandikwa. Wanafunzi wana neno lake, joki, yaani mtu anayekufanyia mtihani kwa jina lako. Mbak Kus alikuwa joki, sitamsafisha. Mitihani yote ya kwenye kompyuta ilipita mikononi mwake. "Watoto wa wenye shahada wananilipa mimi niwafaulishe," alikuwa akisema huku akicheka. "Sasa Bu Tinah, hapo mjinga nani?"

Mwanzo wa mwaka huu wa masomo likaja agizo. Kila mwanafunzi lazima apitie mafunzo ya kuzuia ukatili wa kingono. Video sita, maswali kumi na tano, yote kwenye kompyuta. Bila cheti, mfumo haukufungulii kujiandikisha masomo ya muhula. Nilisema Alhamdulillahi, mwenye mabinti tisa ndani ya nyumba angesema nini? Kumbe wiki hiyo hiyo foleni imepinda kibandani kwa Mbak Kus kama kuna mchele wa bure. Wanamwachia namba zao za chuo na maneno yao ya siri, halafu hao, wanakwenda kunywa kahawa. Kila mmoja alimlipa bei ya sahani moja ya pecel. Ndiyo thamani waliyoyapa mafunzo yale.

Angeweza kuziruka video. Mara ya kwanza hakuziruka. Nilimpelekea chakula cha mchana nikamkuta ameisimamisha ya tatu katikati, mkono uko juu ya meza, hautikisiki.

"Bu Tinah, kumbe lina jina."

"Nini hicho?"

"Mtu kushikwa akaganda. Hakimbii, hapigi kelele. Wanasema ni mwili wenyewe unaoganda, si kwamba umekubali. Miaka ishirini na mitano najiita mpumbavu. Kumbe lina jina."

Na mimi, mwenye mdomo usiopumzika mtaa mzima, nilimjibu nini? Nilimwambia, "Kula kwanza, mchuzi unaganda."

Maswali kumi na manne yalikuwa ya kuchagua. La kumi na tano lilikuwa la kuandika: kwa maneno yako mwenyewe, ungefanya nini ukiona ukatili unatendeka? Aliandika nami nimesimama nyuma ya bega lake. "Namjua mtu aliyeshikwa ghalani mbele ya watu kumi na wawili. Hakupiga kelele, sauti ilikauka. Wale kumi na wawili walitazama chini. Ningekuwa mmoja wao, ningeliita jina la yule mwanamume kwa nguvu mpaka kila mtu ageuke." Nilikusanya sahani zangu nikaondoka. Sikumuuliza neno.

Jibu hilo hilo akawawekea wote. Wanafunzi zaidi ya mia tatu, wavulana kwa wasichana, wote wanamjua mtu aliyeshikwa ghalani! Wote wakapata mia. Chuo kizima, pamoja na maprofesa wake na viyoyozi vyake, hakuna aliyesoma. Angesoma mawili tu yakifuatana angeshtuka.

Sasa nije kwa Wening. Ni mwaka wa kwanza, chumba namba nne, mtoto wa mkulima kutoka Bondowoso, kila Jumapili anafua viatu vyake na kuvianika ukutani kwangu. Aliingia chama cha wapanda milima. Aliyekuwa akiwafundisha wapya ni Ardhana, mwaka wa nne, kijana wa watu wenye nafasi, meno meupe, salamu nyingi. Siku moja mchana alimwita Wening stoo ya mahema na kamba, wakague vifaa, akausukuma mlango kwa kisigino ukajifunga. Yaliyofuata yameandikwa kwa kamati, siyarudii hapa. Wening aliganda. Aliporudi aliingia bafuni, akajimwagia maji mpaka pipa likaisha, na bado hatoki.

Siku ya tatu aliniambia. Safari hii sikumwambia ale. Nilivaa viatu, nikampeleka mwenyewe kwenye kamati ya chuo inayopokea mambo hayo.

Kikao cha kwanza Ardhana alikuja na mjomba wake, Pak Hendarto, wakili. Mimi niliruhusiwa kukaa na Wening kama msindikizaji. Mjomba akaweka cheti mezani, akakigonga kwa kidole.

"Alama mia," akasema. "Na hebu sikilizeni kijana alivyoandika kwa mkono wake." Akasoma: ghala, watu kumi na wawili, kuliita jina. Akasoma vizuri, mwizi yule, hata sauti akaitetemesha. "Mwenye moyo huu ndiye wa kumdhuru binti? Na huyu binti mbona hakupiga kelele? Chumba cha jirani kulikuwa na watu!"

Jibu lililoeleza kwa nini mtu hapigi kelele linasomwa kumshitaki mtoto aliyeshindwa kupiga kelele! Na mimi niliyelijua limetoka wapi, niliufumba mdomo wangu.

Mwenyekiti, Bu Anggraini, mwalimu wa sheria, mama mmoja aliyechoka machoni, akasoma pendekezo la kamati. Ardhana apewe barua ya onyo, na arudie mafunzo. Watasaini Alhamisi. Arudie mafunzo! Mwizi wa kuku umemkamata na manyoya mdomoni, unamwambia akasome tena kibao cha usiibe kuku.

Wening hakulia. Nyumbani alivitoa viatu vyake ukutani, vibichi vile vile. "Bu, wakisaini hivyo Alhamisi nafunga sanduku. Siwezi kupishana naye kila siku kwenye ngazi. Mwambie baba yangu nimeugua."

Asubuhi yake nilikwenda kwa Mbak Kus nikamweleza. Sijafika mwisho, pikipiki ikasimama mbele ya kibanda. Ni yeye, Ardhana, na kofia ya chuma mkononi. Hata hakunitambua, nani anamtazama muuza pecel?

"Mbak, habari za kazi? Kale kamtihani ka video, nifanyie tena. Nataka cheti kabla ya Alhamisi."

"Si ulishapata mia?"

"Wazee wamesema nirudie. Kuna katoto fulani kanalialia huko. Mambo ya kawaida tu."

Mbak Kus akaacha kupanga karatasi. "Jina lako nani vile, mwanangu? Wateja ni wengi."

"Ardhana."

Alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akavuta kigoda akakiweka mbele ya kompyuta.

"Kaa. Video ya tatu. Utaitazama mwenyewe, mimi nimesimama hapa."

Kijana akacheka. "Acha masihara, Mbak. Nitakuongezea hela."

"Hata ukija na mashine ya kuzichapa. Kaa."

"Yaani fundi fotokopi ndiye anifundishe mimi? Kibanda hiki kiko ardhi ya chuo, au umesahau?"

"Sijasahau. Toka kivulini kwangu."

Alipoondoka nilimgeukia Mbak Kus kwa hasira, na sijui kwa nini hasira zilimwangukia yeye. "Na wewe! Uliwauzia ya nini? Usingewauzia wangetazama wenyewe!"

"Kweli," akasema. "Ndiyo maana Alhamisi nakuja na wewe."

"Watakufungia kibanda."

"Wafunge. Bu Tinah, jibu lile ni langu. Nimelitoa hapa," akajigonga kifua. "Nimewauzia mia tatu na nimekosa. Lakini huyu amelichukua akampigia nalo mtoto wa watu."

Alhamisi tuliingia watatu. Mbak Kus alikuwa amevaa batiki yake ya harusini, ile ya kahawia. Bu Anggraini akamruhusu aseme. Akasema yote, amewafanyia wangapi, kwa bei gani, na kwamba jibu lililosomwa ni lake. "Fungueni na ya wengine," akasema.

Wakafungua kwenye kompyuta. La kwanza, ghala. La pili, ghala. La tano, la kumi, la ishirini, ghala na watu kumi na wawili. Bu Anggraini akavua miwani. Mmoja wa wanakamati akanong'ona, "Hatujawahi kuyasoma."

Pak Hendarto yeye alitabasamu. "Mama huyu amekiri mwenyewe kuwa ni tapeli. Basi ni wazi. Alikuwa na neno la siri la mpwa wangu, akaliona jibu lake zuri, akawauzia wengine. Wamemwibia Ardhana."

"Ni langu," Ardhana akasema. "Bibi yangu alinihadithia."

Bibi yake! Bibi yake hajawahi kuchambua hata jani la chai.

"Mama Kusniyah," Bu Anggraini akasema kwa upole, "huyu mtu wa ghalani ni nani? Unaweza kuthibitisha kwamba maneno ni yako?"

Mbak Kus akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Nikaviona vidole vyake vinasuguana, gumba kwa shahada, vile tulivyokuwa tukipima unene wa jani. Pak Hendarto akatazama saa. Wanakamati wakatazama karatasi zao. Wening akatazama mapaja yake. Chumba kizima kilitazama chini, na mimi nami nilikuwa nimeshaanza kutazama kucha zangu.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mshindo wangu ulikuwa umengoja miaka ishirini na mitano. Nilisimama kiti kikaanguka.

"Mtu wa ghalani ni yeye," nikasema. "Na mimi ni mmoja wa wale kumi na wawili. Nilikaa mkono wa kushoto kwake. Nyapara alikuja nyuma yake, akamshika mbele yetu sote, na mimi nikahesabu majani. Nilikuwa na mume na watoto wawili, niliogopa kazi yangu. Nilihesabu mpaka mia moja na kumi, na nyapara hajamwachia."

"Mama, keti," Pak Hendarto akasema.

"Sikai! Nyapara yule aliitwa Suradi! Suradi, ghala namba mbili! SURADI!"

Nilipiga kelele mpaka karani wa nje akafungua mlango. Kila mtu aligeuka. Wening aliinua kichwa wa kwanza.

Barua ya onyo haikusainiwa. Bu Anggraini aliisukuma pembeni, akachukua karatasi nyeupe, akaniambia nieleze ya ghalani tangu mwanzo, kisha akampa Wening nafasi, na safari hii alimtazama machoni alipokuwa akiyaandika maneno yake. Ardhana alifutwa chuo baada ya wiki tano. Mbak Kus alifukuzwa baada ya wiki moja tu. Kwa maskini hawakuhitaji vikao.

Wening yuko chumba namba nne hadi leo, na viatu vyake viko ukutani.

Siku ile tulipokuwa tukishuka ngazi za chuo Mbak Kus hakunishukuru, na ningeona haya angenishukuru. Alitembea mpaka lango la nyuma, akasimama mbele ya kibanda chake, sauti imemrudia lakini inakwaruza.

"Umechelewa, Bu Tinah."

"Najua."

"Miaka ishirini na mitano."

"Najua, Kus."

Akafungua kufuli. "Haya, shika upande ule. Mashine ni nzito, na barua yao haitakawia."