Jina la Jani Lile

Mama mkwe alikuwa amebakiwa na kipande kimoja cha shamba la wimbi, nyuma ya nyumba yake, karibu na Magwagwa. Mume wangu alitaka tupande majani chai hapo. Miaka ile kila mtu alikuwa anapanda.

"Tupande tusichokunywa?" mama mkwe alimwuliza. Sisi ni Wasabato. Chai kwetu ilikuwa ya kuuza tu. Akanigeukia mimi, kwa sababu nilifika darasa la nne. "Wewe unayeandika andika, niulizie jina hilo limetoka kwa nani. Nikimjua mwenyewe, ndipo nitasema."

Mume wangu akaninong'oneza, "Mwambie imo kwenye Biblia." Niliitafuta. Sikuiona, ingawa huenda sikutafuta vizuri.

Basi nikaanza kutembea na daftari. Kwa lugha yetu tunasema echae. Mkipsigis aliyetuletea maziwa alisema chaiik, akaapa wao walilipata kwa Waswahili. Nilipokwenda kuwaona wazazi wangu Mosocho, mama mmoja Mjaluo, muuza vyungu, alisema chai, akacheka: "Uliza Mhindi, dada, mimi nauza vyungu." Mhindi wa duka alisema cha, kama mtu anayepuliza kitu cha moto, akaniambia hata nyanya yake alilisema hivyo. Mwalimu wangu wa zamani ndiye aliyelifikisha Uchina. Waliolibeba kwa miguu, alisema, walibaki na cha. Waliolipakia melini kwenye pwani ya huko Uchina wakafika Ulaya na te, ndiyo tii ya Waingereza. Sijui kama nilimwelewa sawasawa. Nilirudi nyumbani kwenye ukungu nikilisikia neno lile likitembea mbele yangu na mzigo wake, likibadilisha sauti katika kila mlango.

Nilimsomea mama mkwe yote, hata yasiyomfaa mume wangu. Alikuwa anapepeta wimbi.

"Kwa hiyo hakuna aliyesema ni lake?"

"Hakuna, mama. Ila Mchina sikumpata wa kumwuliza."

"Hata Mhindi?"

"Hata yeye."

Ungo ukatulia. "Maskini jina hilo. Kutembea kote huko, na katika kila nyumba ni mgeni." Akamwita mwanawe. "Lipe upande wa chini, mpaka kwenye lile jiwe la katikati. Huku juu usiguse, mimi bado nakula wimbi."

Mume wangu alinuna siku mbili. Simlaumu, nusu shamba ni nusu shamba. Lakini alipanda mpaka kwenye jiwe, akakomea hapo.

Asubuhi moja mama mkwe alishuka kwenye umande, akaiinamia miche. Nikamsikia akiyasema majina yote, polepole, kama anayepokea wageni. Lile la Mkipsigis alilikosea. Sikumsahihisha.