Meli Ilimwacha Dada Yangu Tukiwa Maseno

Najua unacheka. Maseno hakuna bahari. Kuna barabara, chuo, na kina mama wanaouza ndizi.

Lakini ni pale pale, ndani ya gari la Probox nililoazima, saa nane na dakika chache mchana, ndipo meli ya ghorofa kumi na mbili ilipomwacha dada yangu.

Na aliyesababisha ni mimi.

Naitwa Emong. Ni ajenti wa forodha hapa Malaba. Lori likikwama mpakani, dereva ananitafuta, nami nahangaika na karatasi zake mpaka livuke.

Kazi yetu inaendeshwa na neno moja: "Nimeongea."

Dereva amelala siku mbili kwenye foleni, hasira zimempanda, unamwambia, "Boss, tulia, nimeongea na mtu." Anatulia. Umeongea na mtu? Wapi! Lakini foleni ikisonga, sifa ni zako.

Dada yangu Alupo yeye alikuwa mtu wa saa. Alifanya kazi kwenye meli ya watalii, kwenye dawati la kuuza matembezi. Meli ikitia nanga, wageni wanashuka, hawa kuona ndovu, wale kununua vinyago. Yeye ndiye aliyewapangia basi gani, waondoke saa ngapi, warudi saa ngapi.

Mshahara wake ndio uliompeleka mama hospitali Busia mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Figo za mama zilikuwa zimegoma zote mbili.

Miaka miwili yeye na mama walikuwa hawajaonana. Halafu siku moja akanipigia, sauti inaruka.

"Emong! Tunakuja Mombasa! Meli italala usiku mmoja, na nimepewa off!"

Alijipangia safari yake vile anavyowapangia wageni. Jumanne mchana anatoka bandarini, anapanda ndege mpaka Nairobi, nyingine mpaka Kisumu, nami namchukua hapo mpaka nyumbani Amukura, ambako mama anaishi na shangazi Truphena. Jumatano alfajiri anageuza. Saa saba mchana awe ndani ya meli. Saa nane meli inatoka.

"Mbona mbio hivyo?" nikamuuliza. "Unakuja kumwona mama ama kumchungulia?"

"Emong, sikiliza. Mgeni akinunua matembezi ya meli yenyewe, akichelewa, meli inamngoja. Akijipangia mwenyewe akachelewa, inamwacha. Mimi nawaambia hivyo kila siku. Na hii yangu ni ya kujipangia."

Nikacheka. Miaka kumi na moja mpakani, sijawahi kuona mzigo ukitoka saa iliyoandikwa. Kwangu mimi, saa ya kwenye karatasi ilikuwa ombi tu.

Nikampigia rafiki yangu Job, ajenti kule bandarini Mombasa.

"Job, kuna meli ya watalii inatoka Jumatano saa nane. Unaweza kukalia makaratasi yake kidogo, ichelewe?"

"Nipe dakika kumi, boss."

Hata tano hazikuisha. "Hiyo imeisha. Nimeongea na mtu. Haitoki kabla ya saa tatu usiku."

Mimi, mwenye neno lenyewe, nikaamini. Kweli mganga hajigangi.

Alupo akafika Jumanne jioni. Mama, ambaye wiki nzima alikuwa anakataa hata uji, alikula akiwa ameushika mkono wa binti yake. Hakutaka kuuachilia. Nilitoka nje nikalia kidogo, sioni haya kusema.

Alfajiri nikamkuta Alupo amevaa viatu.

"Vua," nikamwambia. "Job ameongea na watu wa bandari. Utaenda na ndege ya saa kumi. Kaa na mama."

"Una uhakika?"

"Asilimia mia."

Akaniangalia. Akaangalia mlango wa chumba cha mama. Akavua.

Unajua mama aliyafanyia nini yale masaa? Aliyalala. Jana yake ilikuwa siku ya mashine, na mashine humchosha. Alilala toka alfajiri mpaka karibu saa sita, Alupo ameketi kando ya kitanda anamfukuzia nzi. Waliongea labda dakika kumi, tukaondoka.

Tulipofika Maseno, njiani kwenda Kisumu, simu yake ikaita mlio wa ujumbe. Mwenzake wa melini alikuwa amemtumia picha. Bandari ya Mombasa inabaki nyuma, maji katikati. Chini ameandika: "Uko wapi?"

Nikasimamisha gari. Nikampigia Job.

"Job, meli imetoka!"

"Imetoka? Ai. Pole, boss."

"Si ulisema umeongea? Uliongea na nani?"





"Emong, mimi hutoa kontena za mitumba. Hiyo meli ya watalii hata geti yake siijui. Nilijua tu itachelewa, si vitu huchelewa? Na wewe si huwaambia madereva hivyo hivyo?"

Nikakata simu.

Alupo hakulia, hakunitukana. Heri angenitukana. Nguo zake zote zilikwenda na meli. Kabla jua halijazama, barua pepe ikaingia: kazi imeisha.

Mama hatukumwambia. Angejua kazi imepotea kwa ajili yake, angekataa hospitali siku hiyo hiyo. Alupo akarudi nyumbani, akasema amepewa likizo.

Mama alifurahi siku tatu. Ya nne akaanza. "Mwanangu, rudi kazini. Usifukuzwe kwa sababu yangu." Kila asubuhi wimbo ni huo. Mwishowe akagoma kula mpaka Alupo aondoke.

Basi Alupo akafunga begi, akamkumbatia mama, akaondoka.

Nikampeleka kwangu Malaba, kwenye chumba changu kimoja. Nusu saa tu kwa boda kutoka kitanda cha mama.

Alikaa hapo miezi miwili. Kila jioni alimpigia.

"Bahari iko aje leo?" mama anauliza.

"Imetulia, mama."

Huko nje malori yanapiga honi, yanagombania foleni.

"Na hizo kelele?"

"Ni meli, mama. Zinasalimiana."

Nilihangaika kwa nguvu zangu zote, lakini hospitali ya mara mbili kwa wiki ikawa mara moja, halafu tukawa tunaruka wiki. Miguu ya mama ikavimba. Alupo akamwambia kwenye simu kwamba anataka kuja.

"Usithubutu," mama akasema. "Kazi kwanza. Nitakungoja Desemba."

Alhamisi moja asubuhi shangazi Truphena akanipigia: hali ni mbaya. Mimi nilikuwa Busia natafuta dawa, nikampigia Alupo. Alupo akaruka kwenye boda na kandambili miguuni. Alipofika, mama alikuwa ameshakata roho. Shangazi anasema maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Msimsumbue Alupo, yuko mbali."

Siku ya mazishi shangazi, ambaye naye hakujua lolote, alisimama mbele ya watu, akamshika Alupo mabega.

"Huyu mtoto alifika saa ile ile mama yake alipokata roho. Kutoka baharini! Kama si Mungu ni nani?"

Watu wakasema amina. Wengine wakapiga makofi.

Mimi na Alupo tuliangalia kaburi. Ukweli tukauzika hapo hapo, na tangu siku ile hajawahi kuniita kaka.

Wewe unayesoma, sina somo refu. Usimpe mtu neno ambalo huna. Na mtu wako akikwambia muda wake umefika, usijifanye mjanja kuliko saa. Mwache aende.