Blanketi la Safari ya Wamaza

Siku yangu ya kwanza kazini, patroni wetu, mwenye duka la ushonaji pale Kasongo, hakunionyesha hata cherehani. Alinipa gunia la sufi, ile pamba laini ya msufi, niitoe mbegu. Kando yangu aliketi Zuberi, mwanafunzi mwenzangu. Alimaliza gunia lake kabla yangu, bila hata kupiga chafya. Nilianza kumwonea kijicho papo hapo.

Tulishona mablanketi ya watu wanaotembea na mzigo mgongoni hadi Wamaza na Lusangi. Nje ni kitambaa cha mwavuli, ndani sufi, kisha mistari ya mishono inayoizuia sufi isikimbilie pembe moja. Blanketi hukunjwa na kufungwa miguuni kama mfuko, upande mmoja wa kulalia, mwingine wa kujifunika. Mimi nilijaza pande zote mbili. Zuberi aliuacha mtupu upande wa kulalia.

Patroni alipima mablanketi yetu mikononi, wateja wakitazama.

“Sufi ukiilalia inakufa, haitoe joto,” aliniambia. “Angalia Zuberi, ule mutu iko na akili. Weye unabebesha watu muzigo ya bure.”

Baadaye alinipeleka Kabambare kusimamia tawi lake. Nilifurahi kuwa mbali na Zuberi. Hata huko wateja waliingia wakiuliza, “Iko ya Zuberi?” Niliwajibu yamekwisha.

Niliporudi Kasongo, mke wangu, Mama Asha, alikuwa akitembeza vitenge Wamaza. Asubuhi moja niliona blanketi la Zuberi juu ya mzigo wake.

“Yako iko muzito, Baba Asha,” alisema. “Nabeba vitenge. Nibebe na weye?”

Wateja ningeweza kumwachia Zuberi. Usingizi wa mke wangu, hapana. Niliumia kwelikweli.

Blanketi hilo lilipochanika, Mama Asha alinituma nilipeleke kwa Zuberi alitengeneze. Sikufika. Nilikaa kwenye cherehani yangu nikashona jipya, kitambaa cheusi kilekile, upande wa kulalia mtupu, sufi nimeichambua hadi ikawa nyepesi kama povu. Nilimpa kana kwamba ni lile la Zuberi, limetengenezwa. Nilitaka alilalie kwanza, alisifu, ndipo nimwambie. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla macho hayajanistaafisha.

Aliporudi kutoka Wamaza hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Zuberi na jogoo, kumshukuru kwa joto lile.

Zuberi aligeuza pindo, akautazama mshono.

“Mama Asha, hii haiko kazi yangu. Ni ya bwana yako. Na inapita yangu.” Akamrudishia jogoo.

Vijana mnaniuliza kama nimestaafu na moyo mweupe. Kazi niliipenda, na blanketi lile bado tunajifunika. Lakini jogoo yule tulimla jioni ileile. Mke wangu alilisifu blanketi kwa tonge moja. Matonge yote yaliyobaki alimsifu Zuberi, kwamba ni mtu wa kweli.