Mahindi ya Juu ya Chanja

Hapa mjini, Mafiga, jirani yangu huwasha mkaa kwa magunzi. Harufu yake ikiingia dirishani, mimi huacha ninachofanya, maana ndiyo harufu ya jiko la bibi kule milimani Uluguru, siku lilipoungua.

Lilikuwa kibanda cha udongo na nyasi. Juu ya moto kulikuwa na chanja, na juu ya chanja bibi alipanga mahindi ya mbegu na maganda yake, ili moshi uyatie masizi na wadudu wasiyaguse. Mbegu ile aliachiwa na mama yake pamoja na shamba, kama ilivyo desturi yetu Waluguru. Sisi watoto tulikatazwa hata kuyatazama kwa njaa.

Asubuhi moja askari walipanda na bunduki, wakitafuta bangi. Ilikuwapo, lakini ng'ambo ya mto, kwenye shamba la mtu wa mjini. Wanaume wote walikimbilia msituni, mjomba wangu mbele kabisa, kiatu kimoja mguuni. Mimi nilikuwa na haya sana, ila adabu nilifundishwa. Askari alipoingia jikoni nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia. Kisha akainua macho kwenye chanja jeusi. "Kumbe hapa ndipo mnapokaushia."

"Baba, hayo ni mahindi ya mbegu," bibi akasema. "Shusha uone."

"Kila nyumba leo ni mahindi! Mnatuona watoto, bibi?"

Hakushusha. Aliwasha paa kwa kiberiti cha bibi mwenyewe.

Mahindi yalilia mle ndani kama bisi. Mdogo wangu akacheka, akauliza kama tutapewa. Bibi hakumkemea.

Mvua zilipokaribia hatukuwa na mahindi ya kupanda. Yule mtu wa mjini akamletea mjomba mbegu za bangi, bure, kwenye mfuko wa sukari. Bibi alimwonyesha mjomba upande wa shamba wenye rutuba, akaingia ndani.

Askari waliporudi, waliikuta kweli. Walifyeka shamba lote, hata maharage, wakamchukua mjomba. Bibi alifariki akimuulizia, na mpaka leo mjomba hajarudi.

Utotoni niliamini askari walirudi kwa sababu tulikuwa wabaya. Sasa najua kwamba kwetu bangi ilianza kuota baada ya wao kuja kuing'oa. Magari yao bado hupanda milimani kila msimu, na hapa mtaani bangi haijawahi kukosekana.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni ile marahaba. Aliitikia kwa upole, kama mgeni aliyekuja kututembelea.