Uchovu Tuliokataa Kuupima

Siku yangu ya kwanza kazini, katika wodi ya wazazi ya kampuni ya migodi pale Kolwezi, Mkunga Mkuu hakunionyesha mtoto hata mmoja. Alinipa beseni la vitambaa vyenye damu na mizani. "Pima," akaniambia. "Mama akishazaa, kila mutu anaangalia mutoto. We utaangalia damu." Alikuwa mwanamke mkali, mtu wa kaskazini ya Katanga, na kwa miaka kumi na miwili niliyofanya kazi chini yake sikumwona akikaa kabla ya vitambaa kupimwa.

Ndiye aliyenifundisha habari za tezi. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama haragwe. Inatuma homoni, yaani wajumbe wanaosafiri ndani ya damu: mmoja anaagiza maziwa, wengine wanaleta hedhi, wengine wanaamsha tezi ya shingo na zile mbili zilizo juu ya figo. Mimba ikikua, tezi hiyo nayo inavimba na kutaka damu nyingi. Mama akitokwa na damu kupita kiasi wakati wa kuzaa, inaweza kufa kimya kimya, huku sisi tunamshukuru Mungu kwamba mama amepona. Dalili zinakuja baadaye. Maziwa hayatoki, hedhi hairudi, nywele za kwapani zikinyolewa hazioti, baridi inamshika mama jua likiwaka, na uchovu hauondoki hata alale siku nzima.

Nawaeleza haya, ninyi mnaosoma ukunga leo, kwa sababu ya mama mmoja. Yaliyompata bado yananichoma.

Ngalula alizaliwa Kolwezi, sawa na mume wake, fundi wa mitambo mgodini. Wazazi wao ndio waliotoka mkoa wa Kasai. Walikaa Dilala, mtaa wa Kolwezi, katika nyumba ya kampuni. Mtoto wao wa tatu, msichana, nilimpokea mimi. Damu ilitoka mpaka vitambaa vikaisha. Tulimwongezea chupa mbili za damu, akafumbua macho. Miezi mitatu baadaye alirudi, ameshika ukuta.

"Mama mukunga, mi sina nguvu hata ya kukamua nguo. Maziba haikutoka hata siku moja. Mama-mukwe anasema niko muvivu."

Nilimfunua kope: ndani palikuwa pekundu, safi. Damu ilikwisha kurudi, kwa hiyo haukuwa upungufu wa damu. Lakini shinikizo la damu lilikuwa chini sana, na ngozi yake ilikuwa baridi. Nikapeleka dosie yake, faili la matibabu, kwa Daktari Mkuu.

"Docta, naomba tupime homoni zake. Nafikiri ni ile tezi."

Hakuinua kichwa. "Batoto batatu, kazi ya nyumba, mawazo. Bamama bote banachoka. Mumupe dawa ya chuma."

Akapewa chuma, vidonge vya kuongeza damu. Akarudi, akapewa chuma tena. Mara ya tatu nilisema mbele ya wauguzi wote, na Daktari Mkuu akaniuliza tangu lini wakunga wanasomea ubongo. Wenzangu wakacheka. Mkunga Mkuu alikuwa amekwisha kustaafu, sikuwa na wa kunitetea. Daktari akaandika "uchovu wa kawaida", akaifunga dosie.

Kisha kampuni ikaanza kuanguka. Mitambo ilisimama, dawa zikapungua, na wanasiasa wakatafuta wa kulaumiwa: watu wa Kasai. Majirani waliokula nao sahani moja walikuja kuwatoa. "Murudie kwenu!" wakaambiwa watu wasiokuwa na kwao pengine ila Dilala. Familia ya Ngalula ilisukumwa nje asubuhi, mlango ukapigiliwa misumari wakitazama. Wakaenda kukaa kwenye stesheni ya gari la moshi, pamoja na wengi wengine, chini ya maturubai, wakingoja treni isiyojulikana siku yake.

Nilikuwa nakwenda pale kuwaona wajawazito. Mchana mmoja mume wa Ngalula alinivuta mkono. "Mama, bibi yangu anakufa. Banasema ni malaria."

Alikuwa anatapika, anaongea kama mlevi, na mapigo yake nilikuwa nayatafuta kwa shida. Tezi za juu ya figo, bila amri kutoka juu, zilikuwa zimelala, na mwili uliopigwa na misukosuko ile hauwezi kusimama bila homoni ya tezi hizo. Dawa ilikuwepo, haidrokotizoni, ile ile tuliyowadunga wenye pumu. Nikakimbia hospitalini.

"Ile dawa ni ya bafanyakazi," Daktari Mkuu akasema. "Bwana yake hako tena mufanyakazi."

"Na wakati alikuwa mufanyakazi, Docta, ju ya nini ulikataa kumupima?"

"Toka."

Mzee wa famasi alikuwa amesikia. Alifungua kabati, akaweka vichupa mezani, akanigeuzia mgongo.

Nilimdunga Ngalula pale chini, nikatundika maji ya chumvi na sukari kwenye nguzo ya turubai. Kabla jua halijashuka alikaa mwenyewe. "Mama mukunga, mi nasikia njaa." Mume wake akafunika uso kwa mikono. Mimi nililia kwa hasira. Miezi yote ile aliitwa mvivu, na kumbe dawa ilikuwa hatua chache kutoka pale aliposimama ameshika ukuta!

Nilimwachia vidonge, na barua kwa daktari yeyote atakayempokea. Treni ilipokuja, walipanda behewa la mizigo. Wiki hiyo hiyo nikapewa uhamisho kwenda Sandoa, kwenye zahanati ya vitanda vinne, kwa kosa la kutumia dawa bila idhini. Mzee wa famasi walimfukuza kabisa.

Nilikuwa Sandoa miaka mingi kabla sista mmoja aliyetoka Kasai hajaniletea habari. Daktari wa huko aliisoma barua, akampima, akakuta ni tezi. Ngalula anameza vidonge kila siku na anauza unga sokoni. Binti yake, yule niliyempokea mimi, hakufika. Alikufa ndani ya behewa kwa kuhara, na hakuwahi kunyonya hata tone.

Nilimalizia kazi Fungurume, nikastaafu, nikarudi Dilala. Watu wananiambia nisamehe, ule ulikuwa wakati wa wazimu. Wazimu ulikuwepo, nauona mpaka leo. Lakini dosie ya Ngalula ilifungwa kabla mtu yeyote hajafukuzwa, na aliyeifunga alikuwa na akili timamu na kalamu mkononi. Hilo sijalisamehe.

Juzi binti wa jirani yangu, mwenye mtoto wa miezi mitano, alirudishwa nyumbani na neno moja: pumzika. Shingo yake imevimba kidogo, nywele zinakatika, anatetemeka kwa baridi saa sita mchana. Tezi ya shingo nayo huweza kuharibika baada ya uzazi. Nikavaa viatu, tukapanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, nikamrudisha hospitalini.

"Mama, we ni nani yake?" akauliza muuguzi kijana.

"Mi niko mukunga. Andika: huyu mama hakuja kuambiwa apumzike. Alikuja kupimwa."

Alinitazama, akachukua kalamu, akaandika.